Wanja ulionigomea, na jinsi nilivyoutoa

Mchana mimi ni kijana wa ghalani hapa Mtwara, suruali na fulana yenye vumbi la korosho. Jioni, mlango ukishafungwa, navaa gauni langu na kujipamba. Kuvaa hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kurudi. Kila Jumatatu wanja ulibaki kwenye mashina ya kope, mpaka mzee wa mzani akaniuliza, "Mdogo wangu, macho yanauma?" Nikasema vumbi. Lakini vumbi gani hilo la msimu mzima?

Nilianza na sabuni ya mche. Upuuzi mtupu: macho yalivimba, wanja palepale. Wanja una mafuta, na ule usioogopa maji ndiyo kabisa. Dawa ilikuwa jikoni: mafuta ya nazi. Natia matone mawili kwenye pamba, naiweka juu ya jicho lililofumbwa, nahesabu hadi 30 bila kusugua, halafu navuta taratibu kuelekea chini. Inatoka nyeusi tii. Masalia ya pembeni nayafuata kwa kijiti cha pamba, ndipo nanawa kwa sabuni ya kuogea.

Rangi ya kucha naitoa kwa asetoni tu, dirisha wazi. Hina nimeiacha, ikishika ukucha inasubiri uote wote, miezi 6 hivi. Siku hizi rangi napaka miguuni, maana buti za ghalani hazina maswali.

Jumatatu iliyopita mzee wa mzani alinitazama, akasema, "Leo umelala vizuri." Nilikuwa nimelala saa tisa usiku.