Mkate wa chai, na dagaa kabatini

Mama yangu amechuma chai Tukuyu miaka ishirini na kitu, na nyumbani kwetu sikuwahi kumsikia mtu akiuliza chai ina umri gani. Ilitoka kiwandani, ikafungwa, ikanywewa, basi. Chai iliyokaa sana ilikuwa sawa na unga wenye fukusi. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza hapa Guangzhou, China, mfanyabiashara mmoja aliponimiminia kikombe na kunitangazia kwa fahari kwamba chai ile ni ya mwaka 2003, nilishukuru vizuri tu, ila moyoni nikajiuliza nimemkosea nini mzee wa watu.

Leo mimi ndiye wa kwanza kuuliza mwaka. Wiki nzima nashinda na mizigo ya watu wa Kariakoo, nahesabu katoni na kubishana na madereva, ikifika Jumapili napanda treni ya chini ya ardhi mpaka Fangcun, wilaya ya Liwan, kwenye soko la chai lenye maduka kwa mamia. Humo nina mwenyeji wangu, mama mmoja wa makamo. Namwita Ayi, yaani mama mdogo. Hana haraka na mteja, na akikuona unakunywa kama unameza dawa anakunyang'anya kikombe.

Chai yake ni pu'er, inatoka mkoa wa Yunnan huko mpakani na Myanmar, Laos na Vietnam. Mti wenyewe ni ukoo mmoja na chai nyingi ya Afrika Mashariki, ile ya jani pana ya Assam. Ila kwetu unakatwa ubaki usawa wa kiuno, wakati milima kama Jingmai ina miti mikongwe ambayo mchumaji anaikwea kama mwembe. Majani yananyaushwa, yanakaangwa kwenye karai la moto, yanafikichwa, yanaanikwa juani. Baadaye yanapigwa mvuke yalainike na kukandamizwa kuwa mkate wa duara, kwa desturi gramu 357. Mikate saba inafungwa pamoja kwa maganda ya mwanzi: kilo mbili na nusu kasoro gramu moja.

Ukiishia hapo una mbichi, sheng, ambayo inaendelea kubadilika taratibu mwaka hadi mwaka. Sasa wanywaji wa Hong Kong na wa mkoa wetu huu wa Guangdong walikuwa wanaitaka ile ladha ya uzee, na kusubiri miaka ishirini si mchezo. Mwaka 1973 kiwanda cha Kunming, mji mkuu wa Yunnan, kikapata njia ya mkato: kurundika majani, kuyamwagia maji, kuyafunika mpaka rundo lipate joto, na kuligeuza kila baada ya siku kadhaa, kwa wiki sita hivi au zaidi. Hiyo ndiyo shou. Kiswahili chake ninacho tangu utotoni: wanavundika. Sisi tunavundika ndizi, wao chai.

Jumapili iliyopita Ayi aliniwekea nne mezani. Mbichi ya 2023. Mbichi mbili za 2012, mkate uleule wa kiwanda kilekile, mmoja umelala Kunming miaka yote na mwingine umelala hapa Guangzhou. Na shou ya 2016. Akachomeka kile kisindano chake kinene ubavuni mwa mkate, akakitikisa, vikabanduka vipande. Gramu saba kwa kila kibakuli. Maji ya kwanza yanamwagwa, ni ya kuosha na kuyaamsha majani. Akikumiminia, unagonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante ya huku; nilipokuwa mgeni nilidhani watu wanaharakisha huduma.

Ile ya 2023 ilikuwa na rangi ya mafuta ya alizeti. Uchungu ulikuja mbele, kisha ukakasi ukaubana ulimi kama umetafuna bibo. Nikakunja uso. Ayi akacheka, akanionyesha koo lake kwa kidole: subiri. Kweli, baada ya kumeza, utamu ukapanda kutoka kooni bila kijiko cha sukari. Wanauita huigan, utamu unaorudi. Chai changa nzuri unaipimia hapo. Ikiwa chungu na utamu haurudi, hata baada ya miaka thelathini utakuwa na kitu chungu chenye miaka thelathini.

Zile pacha za 2012 ndizo zilizoniweka pale mpaka jioni. Ya Kunming, mji wa juu mlimani, wenye hewa kavu na ubaridi, ilikuwa na rangi ya asali na harufu ya nyasi kavu. Ukakasi umepungua, uchungu bado umekaa pembeni mwa ulimi. Ya Guangzhou ilikuwa nyekundu kama chai ya rangi iliyokolea, laini, na ndani yake harufu ya kafuri, kama kufungua sanduku la bibi. Umri mmoja, lakini ungesema ni dada na mama yake. Kisa ni unyevu. Huku mwezi wa tatu na wa nne kuta zinatoka jasho na viatu vinaota ukungu chini ya kitanda. Chai inakomaa mbio, na mwenye nayo akizembea inaoza mbio vilevile. Ayi akayamwaga machicha kwenye sahani niyashike: ya 2023 bado kijani na yananyumbuka, ya Kunming yana rangi ya kutu, ya Guangzhou yameelekea kuwa kahawia kabisa.

Shou tulimalizia. Nyeusi, ila ukiinua kikombe kwenye mwanga unaona wekundu ukingoni. Nzito, haina ugomvi na tumbo, inanukia stoo ya nafaka. Wajuaji wanaidharau, eti ni uzee wa kutengeneza. Mimi ndiyo ninayokunywa asubuhi, na bei yake haijifanyi kitu kingine. Uzee wa kughushi ninaoujua mimi ni ule niliouziwa kwenye kibanda kimoja, mkate wa "miaka ya tisini" kwa yuani 900. Ayi aliukunjua, akanusa karatasi: imechovywa kwenye maji ya chai ili izeeke. Akaniambia afadhali mimi, kuna watu walinunua maghala mazima kabla bei ya pu'er haijaporomoka mwaka 2007.

Halafu nikatoa mkate wangu wa shou, ambao aliniuzia mwenyewe mwaka juzi, nikitaka anipimie unaendeleaje. Akanusa. Akanusa tena, uso ukabadilika. Shou ikivundikwa vibaya hubaki na shombo ya samaki, na ile ilinuka samaki kwelikweli. Akaanza kuniapia kwamba hajawahi kuuza uchafu kama huo. Ikabidi nikiri: nilikuwa nimeuweka kabati la jikoni, rafu moja na dagaa wa Mwanza. Chai inanyonya harufu ya jirani yake, na dagaa hawana adabu. Alicheka mpaka akaita wenye maduka ya jirani waje kunusa.

Safari hii nimenunua mwingine, nikampa nusu msafiri ampelekee mama. Sikumwambia chochote kuhusu namna inavyotengenezwa. Juzi akanipigia.

"Mwanangu, hii chai imevundikwa."

"Umejuaje?"

"Majani yakipata joto kwenye gunia yananuka hivihivi. Karani wa mizani angeirudisha yote."

"Na ladha je, mama?"

"Ngoja ninywe. Ndiyo kwanza nimetia maziwa."