Maono Yanayokubali Kuulizwa

Somo: Matendo ya Mitume 10:9–23 na 11:1–18

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mithali 29:18 tunaijua kwa kichwa, angalau nusu yake. Iko kwenye bango la madhabahuni, iko kwenye fulana za vijana, iko kwenye bahasha za ahadi za ujenzi: “Pasipo maono, watu huacha kujizuia.” Wahubiri wengi hata hawasemi “huacha kujizuia”, husema “huangamia”, maana hilo linatikisa zaidi. Nusu ya pili haijawahi kupata nafasi kwenye bango: “Bali ana heri mtu yule aishikaye sheria.” Ukizisoma nusu zote mbili pamoja, unaona mithali inazungumzia watu waliokosa neno la Mungu, basi kila mtu akafanya lake. Mpango wa miaka mitano wa kanisa haumo.

Siku hizi tunayaita maono mambo mengi. Serikali zina yake: Kenya ina Ruwaza ya 2030, Tanzania ilikuwa na Dira ya 2025 na sasa ina Dira ya 2050. Kanisa lina maono ya mwaka, sentensi moja inayotangazwa kwenye mkesha wa tarehe 31 Desemba, na ikifika Machi wengi wetu tumeshaisahau. Yupo pia mbeba maono, yaani kiongozi anayesemekana kupewa maono kwa ajili ya kanisa zima, cheo ambacho mimi sikioni katika Waefeso 4, pale Paulo anapowataja mitume, manabii, wainjilisti, wachungaji na waalimu.

Sina ugomvi na mipango. Kamati ya ujenzi isiyo na mpango itatumalizia fedha, na mhazini wetu anajua hivyo kuliko mtu yeyote. Ila mpango ukiitwa mpango, mzee wa kanisa anaweza kunyanyua mkono na kuuliza bei ya mabati. Ukiitwa maono, mkono ule ule unaonekana ni uasi. Ndiyo maana nimeona juma hili tukae na Petro juu ya dari, kule Yafa.

Petro amepanda kuomba saa sita mchana na njaa inamuuma. Chini, watu wanaandaa chakula. Amefikia kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, ambaye nyumba yake iko pwani, na kazi ya ngozi ni ya kushika mizoga, kwa hiyo hata kabla ya maono Petro alikuwa analala mahali ambapo Myahudi mwenye msimamo mkali angesita kuingia. Tena ni Yafa ile ile ambako Yona alipanda merikebu ili asiende kwa watu wa Ninawi. Hapo Petro anaona chombo kama shuka kubwa kikishuka, na ndani yake wanyama wa kila aina, hata wale ambao sheria ya Wayahudi iliwaita najisi, kisha anaambiwa achinje ale. Jibu lake la kwanza ni “Hasha, Bwana.” Mara tatu anaambiwa, “Vilivyotakaswa na Mungu, usiviite wewe najisi.” Kisha chombo kinachukuliwa mbinguni, na Petro anabaki haelewi.

Hapo kwenye kutoelewa ndipo ninapotaka tukawie. Huyu ni mtume. Alitembea na Yesu, alihubiri siku ya Pentekoste. Ameona maono ya kweli kabisa, na bado haonekani akishuka kuitisha mkutano atangaze mwelekeo mpya wa huduma. Luka anasema alikuwa anaona shaka, akiyafikiri yale maono. Maana yake anaanza kuipata watu watatu wanapobisha mlangoni, wametumwa na Kornelio, akida wa Kirumi aliyeko Kaisaria. Kornelio naye alikuwa ameona maono yake jana yake, saa tisa mchana. Yaani Mungu aliwapa watu wawili, walio mbali kwa mwendo wa siku nzima, vipande viwili vya jambo moja, na mmoja wao alikuwa mtu wa mataifa, asiye Myahudi. Hata mtume hakupewa kitu kizima peke yake.

Petro hakwenda peke yake pia. Alichukua ndugu sita. Walimwona Roho Mtakatifu akiwashukia watu wa nyumba ya Kornelio, na baadaye walikuwa naye Yerusalemu kama mashahidi.

Maana Yerusalemu kulikuwa na kikao kigumu. Walio wa tohara, yaani waamini wa Kiyahudi, walishindana naye: “Uliingia kwa watu wasiotahiriwa, ukala nao.” Hawakuanza na salamu ndefu. Hawakumwita baba wala mtumishi mkuu. Petro, ambaye angeweza kusema “mimi ndiye niliyepewa funguo za ufalme,” akawaeleza kwa taratibu tangu mwanzo: nilikuwa mahali fulani, nikaona hiki, nikakataa, nikaambiwa hivi, wakaja watu hawa, ndugu hawa sita nao wakafuatana nami. Mnagundua kwamba hakuficha hata lile “hasha” lake? Kisha anauliza, “mimi ni nani niweze kumpinga Mungu?” Swali hilo siku hizi huelekezwa kwa waumini: wewe ni nani umpinge mtumishi? Petro alijielekezea mwenyewe.

Huko Troa, katika Matendo 16, ilikuwa karibu hivyo hivyo. Paulo ndiye aliyemwona usiku yule mtu wa Makedonia akimsihi, “Vuka, uje Makedonia utusaidie.” Lakini Luka anapoeleza uamuzi anaandika kwa wingi: tulitaka kutoka, tuliona hakika kwamba Mungu ametuita. Maono ya mmoja, hakika ya wote. Wakafika Filipi, na yule mwanamume wa Makedonia hatumwoni. Wanakutana na wanawake kando ya mto, na anayefunguliwa moyo kwanza ni Lidia, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau kutoka Thiatira, mji ulioko Asia, upande ule ule ambao Roho alikuwa amewakataza kuhubiri. Baada ya hapo wakapigwa bakora, wakatupwa gerezani. Kama Paulo angekuwa amechapisha picha ya maono yake kwenye kalenda ya kanisa, waumini wangeanza kunong'ona mapema sana.

Tazameni pia maono yanavyoumiza wale wanaoyapokea. Samweli, kijana mdogo, alipewa neno la hukumu juu ya nyumba ya Eli, mlezi wake, akaogopa kulisema hadi asubuhi. Eli ana makosa mengi, lakini pale namheshimu: alimshurutisha kijana asimfiche hata neno moja, na aliposikia kwamba ni hukumu yake mwenyewe, akakubali kuwa ni Bwana aliyesema. Kiongozi anayemtaka mdogo wake amwambie lisilompendeza! Nathani naye alimwambia Daudi afanye yote yaliyo moyoni mwake kuhusu kujenga hekalu, na usiku ule ule Mungu akamrudisha akamwambie hapana. Wazo la Daudi lilikuwa jema, nabii alilibariki, na bado halikuwa la Mungu kwake.

Yeremia 23:16 inawasema manabii wanaonena “maono ya mioyo yao wenyewe”. Sisi watu wa ukanda huu tunajua gharama yake. Tarehe 17 Machi 2000 huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada, wafuasi wa kundi ambalo viongozi wake walidai kutokewa na Bikira Maria. Walikuwa wameuza mali zao. Kuongea kulizuiliwa, wakawasiliana kwa ishara. Na mwaka 2023 huko Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Sisemi kila kanisa lenye mbeba maono linaelekea huko, mengi hayaelekei. Lakini mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kuuliza, hakuna atakayejua ni lini njia imepinda.

Tutaambiwa, “Msiwaguse masihi wangu.” Ni Zaburi 105:15, na masihi hapo ni wapakwa mafuta wa Mungu. Someni kuanzia mstari wa 12: inasema juu ya Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni, wakihamahama, na Mungu akawakemea wafalme wasiwadhuru. Ni ulinzi wa mgeni asiye na nguvu mbele ya mwenye dola. Kuugeuza ukawa ngao ya mwenye kipaza sauti mbele ya mama anayeuliza michango yake ilikwenda wapi, hilo ni kuupindua. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Wathesalonike akawaambia wasitweze unabii, na papo hapo, “jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema.”

Jumatano tutakaposoma Matendo 11 katika jumuiya zetu, naomba tusikimbilie mstari wa 18, pale wanapomtukuza Mungu. Tukae kwanza na mstari wa 2 na wa 3, kisha tujibizane bila kuogopana: nani katika kanisa letu anaweza kuuliza kama wale ndugu wa Yerusalemu walivyouliza, na Jumapili inayofuata bado akawa na nafasi yake kwaya?