Kodi ya nyumba haiendi likizo

Novemba shule zilipofungwa, wanangu wawili walivuka feri kuja kukaa nami Likoni, hapa Mombasa, mpaka Januari. Siku za shule wanaishi na mama yao Kisauni. Tulipoachana, mahakama ya watoto iliniamuru nitume masurufu ya shilingi 15,000 kila mwezi, na nilikuwa sikosi. Mwezi ule sikutuma. Niliona watoto wanakula kwangu na kulala kwangu, basi pesa za nini tena?

Mama yao akanipigia. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Baba watoto, mwenye nyumba akinifungia mlango, Januari watarudi wapi?" Nikakosa la kusema. Usiku huo binti yangu mkubwa akaniambia anataka kurudi kwao mapema. Kumbe alikuwa amesikia kila kitu. Iliniuma sana.

Jumamosi nikaenda Kisauni. Mimi na mama watoto tulikaa barazani kwa mjomba wake, maana sisi wawili peke yetu huishia kuvurugana. Mzee akaitisha daftari la hesabu la mtoto, lile la miraba, akatwambia tuandike kila shilingi inakokwenda. Sehemu ya watoto katika kodi, 5,000. Akiba ya karo na sare, 3,000. Chakula, 5,500. Tuktuk ya shule, 1,500. Kisha akapiga mstari katikati. "Haya mawili ya juu hayasafiri na watoto," akasema. "Ya chini ndiyo yanayowafuata."

Mimi nikataka 7,000 zote za chini zikatwe. Mama watoto akakataa, na alikuwa na haki: unga, mchele na mafuta hununuliwa kabla watoto hawajarudi, si baada. Tukaafikiana nikate 6,000 kwa kila mwezi kamili watakaokuwa kwangu, nitume 9,000. Likizo fupi za Aprili na Agosti hakuna kukata. Nguo na viatu nitakavyowanunulia havihesabiwi.

Nilidhani yameisha. Afisa wa watoto ndiye aliyetuzindua kwamba amri ya mahakama haibadilishwi kwa mdomo, hata wazazi wawili wakipatana. Mpaka ibadilishwe, kila mwezi nisiotuma ni deni. Sheria ya Watoto ya 2022 inamruhusu mzazi kurudi mahakamani kuomba kiwango kirekebishwe hali ikibadilika, kwa hivyo tukaandika makubaliano yetu, tukatia sahihi, yakawekwa kwenye faili letu, na baada ya wiki kadhaa hakimu akayafanya amri. Mwezi niliouruka nililipa 15,000 kamili, kwa mafungu mawili. Sikuona haya kulipa. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema jukumu la kumlea mtoto ni la baba na mama sawasawa, wawe wameoana au la, na mimi nilikuwa nimemwachia mwenzangu nusu yangu bila hata kumwambia.

Baba mwenye amri kama yangu, ninachomsihi ni azungumze na mama watoto mwezi mmoja kabla ya likizo, pesa isije ikakatika ghafla.

Desemba hii nilituma 9,000 tarehe 1, na ujumbe wa M-Pesa nimeuhifadhi. Kisha nikampigia kumwambia viatu vya shule vya mdogo nimeshanunua, asivitafutie pesa.