Nilivyotabiri protini zinavyoshikana nikiwa Kigoma na laptop ya kawaida

Wadau, wengi wanadhani kutabiri protini mbili zinashikanaje mpaka uwe na maabara ya mamilioni, mimi nimefanyia hapahapa Mwanga, Kigoma, kwa laptop ya kawaida na bando la usiku. Hesabu yenyewe haifanyiki kwako, unatumia ColabFold inayoendesha AlphaFold (programu ya akili bandia inayotabiri umbo la protini) kwenye mashine za Google, wewe unatuma herufi za amino asidi, yaani vipande vinavyounda protini, basi. Ila usiiache muda mrefu bila kuigusa, itakukatia.

Nilianza na malaria maana huku kwetu hakuna nyumba isiyoijua. Plasmodium falciparum ina protini inaitwa RH5, na ili kimelea kiingie kwenye seli nyekundu ya damu lazima RH5 ishike basigini, protini ya binadamu iliyo juu ya seli hiyo, hilo lilijulikana 2011, na muundo halisi wa zikiwa zimeshikana ukatoka 2014, RH5 imekaa kama tiara na basigini imeshikia kwenye ncha. Basi nikachukua mifuatano ya herufi za protini zote mbili UniProt (hifadhi ya mtandaoni ya mifuatano ya protini), nikakata na kutupa kile kipande cha mwanzo cha RH5 kisicho na umbo maalum, nikabandika iliyobaki kwenye ColabFold, nikaweka nukta mbili (:), nikabandika basigini. Hiyo nukta mbili ndo kila kitu jamani, bila hiyo programu inadhani ni protini moja ndefu.

Zinakuja modeli tano. Sasa watu wakiona rangi ya bluu kwenye picha wanashangilia, ile inasema tu kila protini imekunjwa vizuri, haisemi zimeshikana! Angalia ipTM, alama ya jinsi programu inavyojiamini kuhusu mshikano wenyewe, ikizidi 0.8 inaaminika, chini ya 0.6 huenda imekosea, katikati hapo usiape. Halafu fungua grafu ya PAE, inayoonyesha programu inakadiria imekosea kiasi gani mahali pa kila sehemu, uangalie yale maboksi mawili ya pembeni, protini moja ikikutana na nyingine, yakiwa mekundu achana nayo.

Kwangu ncha ilikaa palepale, nilifurahi sana, lakini huo haukuwa ushahidi bado, maana muundo wa 2014 upo PDB (hifadhi ya miundo ya protini iliyopimwa maabara) na AlphaFold imefundishwa na PDB hiyohiyo, inaweza ikawa inakumbuka tu. Nikatafuta miundo iliyowekwa baada ya tarehe ya mafunzo yake, natabiri kwanza bila kufungua jibu, ndo nalinganisha. Kingamwili ndo zinasumbua kuliko zote, hizo naziendesha mara kadhaa kwa namba tofauti za kuanzia, na modeli zisipokubaliana sehemu ya kushikana siichukui hata moja.