Tulikubaliana kwanza, ndipo tukapima hewa

Watafiti wa hewa tuna mazoea ya kupima kwanza, kuandika baadaye, na mwisho kabisa kutafuta mtu wa kutusikiliza. Nimeona ripoti nzuri zikiishia hivyo: zinapokelewa kwa shukrani, watu wanapiga picha, zinaingia kabatini. Kwa hiyo wazazi wa shule moja iliyo kando ya barabara kuu waliponiomba niwasaidie kupima moshi unaowafikia watoto, niliwaambia tutaanzia mwisho. Kabla ya kufunga kifaa chochote, tujue nani ana mamlaka ya kubadili nini pale getini, na ni kipimo gani atakikubali.

Mamlaka yalikuwa yametawanyika. Viwango vya mafuta na vya magari vinapangwa na serikali kuu, hayo tuliyaacha. Halmashauri inasimamia vituo vya mabasi na maegesho. Shule inasimamia geti lake na saa za kulifungua. Mkuu wa shule alikuwa nasi tangu mwanzo, hivyo kazi ilibaki kwa watu wawili: ofisa mazingira, na mwakilishi wa madereva wa mabasi yaliyokuwa yakisubiri abiria mbele ya shule huku injini zikinguruma.

Ofisa hakuzunguka. "Dokta, hivyo vidude vyenu navijua. Kukiwa na ukungu vinaona moshi."

Alikuwa na hoja. Kipimahewa cha bei nafuu hakipimi uzito wa chembe, yaani vipande vidogo mno vya uchafu vinavyoelea hewani. Feni yake huvuta hewa ndani, mwali wa leza hupita katikati, na kifaa hukisia uzito kutokana na mwanga unaotawanywa. Unyevu ukiwa mwingi, chembe hunyonya maji na kuvimba, mwanga hutawanyika zaidi, nacho husoma uchafu mwingi kuliko uliopo. Vumbi nene la barabarani, kinyume chake, hulipunja. Kituo rasmi hunasa chembe kwenye kichujio na kutafuta uzito wake halisi, kwa mizani nyeti au kwa kupitisha miale ya beta. Ila mashine hizo ni ghali, zinataka fundi, na ndiyo maana mara nyingi inasimama moja tu kwa eneo kubwa, mbali na geti la shule yoyote.

Badala ya kubishana naye nilimwomba nafasi juu ya paa la kituo chake. Vifaa vyetu vyote vikakaa pale, bega kwa bega na mashine yake, katika majira makavu kisha tena katika majira ya mvua, maana fomula ya kurekebisha iliyopatikana kwenye hewa kavu huharibika hewa ikilowa. Fomula tuliitafuta pamoja na fundi wake. Kifaa kimoja hatukukiondoa paani hadi mwisho wa utafiti, ili tujue mapema vingine vikianza kupotoka. Kisayansi faida yake inajulikana. Kisiasa ilikuwa kubwa zaidi: kuanzia hapo namba zilikuwa zake pia, na mtu hapuuzi kirahisi namba alizosaidia kuzitengeneza.

Mfano niliokuwa nao kichwani unatoka Marekani. Mwaka 1993 Douglas Dockery na wenzake wa Harvard walichapisha utafiti wa miji sita, uliofuatilia watu wazima 8,111 kwa miaka 14 hadi 16. Hata baada ya kuzingatia uvutaji sigara na mambo mengine, kasi ya vifo katika mji mchafu zaidi ilizidi ile ya mji safi zaidi kwa asilimia 26, na tofauti hiyo ilikwenda sambamba na chembe laini, zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Mwaka 1997 shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, likaweka kiwango chake cha kwanza cha chembe hizo. Hapo mzozo ukapamba moto. Wapinzani wa kiwango walidai data ghafi. Watafiti walikuwa wamewaahidi washiriki kwamba taarifa zao zitabaki siri. Njia iliyopatikana ilikuwa kuikabidhi data kwa Health Effects Institute, taasisi inayopata fedha zake kutoka serikalini na kutoka kwa watengenezaji wa magari vilevile. Ikachambua upya, na mwaka 2000 ikatangaza kwamba matokeo ya awali yamesimama. Wengi hukumbuka ile asilimia 26. Mimi hukumbuka nani alihakiki, na nani alimlipa mhakiki.

Basi nasi tukaandika makubaliano mafupi, yakasainiwa na shule, ofisa na mwakilishi wa madereva. Yalisema vifaa vitakaa wapi, data ipi itaondolewa na kwa sababu gani, na kwamba wote wataona matokeo siku moja, hakuna wa kwanza. Kipengele kilichotuchosha ni cha hatua: moshi wa saa za kuingia na kutoka ukizidi hewa ya kawaida ya eneo kwa kiasi gani ndipo mabadiliko yajaribiwe? Mwakilishi wa madereva alikuwa mkali. "Mkipima halafu ndiyo mkae kuamua kikomo, mtakuwa mmeshatuhukumu." Akataka iandikwe wazi kwamba kikomo kisipofikiwa, mabasi hayaguswi. Wazazi walinung'unika. Mimi nilimuunga mkono, maana ndilo hitaji ambalo ningeliweka mwenyewe kwenye utafiti wowote, na lilikuwa limetoka kwa mtu ambaye hakuna aliyemtarajia.

Upimaji wenyewe haukuwa na makuu. Vipimahewa viliwekwa getini, ndani ya darasa linalotazama barabara, na upande wa pili wa uwanja. Tuliongeza mirija midogo ya plastiki ya kunasa nitrojeni dioksidi, inayotundikwa bila umeme kwa wiki kadhaa kisha kupelekwa maabara. Gesi hiyo ni alama nzuri ya moshi wa magari kwa sababu hupungua upesi kadiri unavyoondoka barabarani. Lakini mrija hutoa wastani wa kipindi kizima, haukwambii ni saa ngapi hali ilikuwa mbaya. Saa tulizipata kwenye vipimahewa vya chembe.

Kikomo kilipitwa, asubuhi kuliko jioni. Hapo likaja jaribu la aina nyingine. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha mwongozo wake wa chembe laini: kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo hadi 5, na kwa saa 24 kutoka 25 hadi 15. Mwongozo wa saa moja haumo. Mzazi mmoja alitaka tuchukue dakika mbaya kabisa za asubuhi, tuzigawe kwa 5, tutangaze kwamba watoto wanavuta hewa inayozidi mwongozo mara kadhaa. Nilikataa. Kulinganisha dakika na mwaka ni jambo ambalo ofisa angelibomoa kwa sentensi moja, na angekuwa na haki. (Kichwa cha habari, nakiri, kingependeza sana.)

Hatua zilizofuata zilikuwa ndogo kwa makusudi. Kituo cha mabasi kilisogezwa kutoka mbele ya shule hadi kona ya mbali, madereva wakakubali kuzima injini wanaposubiri, na shule ikafungua geti la nyuma asubuhi. Tukaendelea kupima kwa fomula ileile. Kile kilele cha asubuhi kilishuka waziwazi, na wastani wa mirija ya upande wa barabara nao ukashuka. Wastani wa chembe laini wa muda mrefu, hata hivyo, ulibaki karibu palepale.

Hilo lilihitaji kuelezwa bila kumung'unya maneno. Sehemu kubwa ya chembe laini haitoki kwenye bomba la basi lililo mbele yako. Nyingine huundwa hewani, pale gesi za salfa, za nitrojeni na amonia zinapokutana na kugeuka chumvi laini, kisha husafiri na upepo mbali na zilikoanzia. Geti la shule haliwezi kuzizuia, wala halmashauri peke yake. Nilisisitiza matokeo yote mawili yakae ukurasa mmoja wa ripoti. Baadhi ya wazazi waliona tunajiharibia. Ofisa aliona tofauti: wastani ule uliogoma kushuka ndio aliouambatanisha kwenye barua yake kwa ngazi ya juu, akiomba mpango wa eneo zima, pamoja na fomula yetu na maelezo ya ilivyopatikana juu ya paa lake.

Mwakilishi wa madereva naye alirudi na ombi lake. Anataka kujua hali ndani ya basi, mahali dereva anapokaa kutwa nzima. Makubaliano mapya tumeyaandika kwa mtindo uleule, na safari hii ni yeye aliyeleta rasimu ya kwanza.