Mtaa ndio ulionisumbua: nilivyonunua nyumba kuukuu Nairobi na kuiuza

Nusu ya pesa ilikuwa yangu, nusu ya dada yangu, na fundi wa kuaminika nilikuwa naye tayari. Nia ilikuwa kununua nyumba iliyochoka, kuitengeneza, kuiuza. Nyumba za aina hiyo zimejaa Nairobi. Mtaa wa kuinunulia ndio uliokula miezi minne ya Jumamosi zangu.

Broka wa kwanza alinipeleka Kaloleni. Mtaa wenyewe ni historia, ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na hadi leo una nafasi na miti ambayo mitaa mipya haina. Bei ilikuwa ya kutupa. "Bosi, hapa unanunua ufunguo tu," akaniambia, mtulivu kama anayeuza muhogo. Nikauliza hati iko wapi. Akacheka. Nyumba ni za kaunti, aliye ndani ni mpangaji, na huo ufunguo ndio kila kitu alicho nacho. Jericho na Maringo, hadithi ni ile ile. Nikamnunulia soda, nikapanda matatu.

Ngara ilikaribia kuniteka. Nyumba ya zamani, kuta nene za mawe, dari ya juu, na mjini unafika kwa miguu. Nilishaanza kuchagua rangi kichwani. Wakili wangu akasoma karatasi za sachi, yaani rekodi za ardhi alizoomba, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: lisi, yaani muda wa kukodishiwa ardhi, ni ya miaka 99, imebaki sita. Lisi huongezwa, ndiyo, lakini foleni ya kuiongeza siipangi mimi, na benki haitampa mtu mkopo wa miaka 15 juu ya ardhi ya miaka sita.

Tangu siku hiyo kila nyumba niliiangalia kwa macho ya atakayeinunua kwangu, tuseme mwalimu mwenye mkopo. Macho hayo yakanipeleka Buruburu. Mtaa ulijengwa kwa fezi (awamu) tano kuanzia miaka ya 1970, kwa hiyo lisi nyingi bado zina miaka ya kutosha, na nyumba zenyewe ni za ghorofa moja juu, zenye ua mdogo, zinazomtosha mtu mwenye watoto.

Hata hapo, hatua hamsini zinabadilisha kila kitu. Zile zinazotazama Mumias South Road zimegeuzwa maduka na baa. Nyumba moja ya ndani niliipenda sana mchana wa Jumamosi, nikarudi Aprili mvua ikinyesha. Mfuniko wa maji taka mbele ya geti ulikuwa umeinuka. Mama jirani alitoka, akachukua mawe manne yaliyokuwa yamepangwa chini ya ukuta, akayaweka moja moja kwenye maji, akapita. Hakutazama hata anapokanyaga. Nikajua mawe yale yana kazi ya miaka.

Niliyoinunua ilikuwa kwenye koti (kikundi cha nyumba zenye ua mmoja) ya tatu kutoka hapo, juu kidogo, geti moja, mlinzi mmoja. Nilimuuliza maji huja lini. "Alhamisi na Jumapili, mzee. Lakini Alhamisi usiitegemee." Milioni 11, na ushuru wa stempu asilimia 4 juu yake, yaani 440,000 kabla hata ya kununua msumari. Rates, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, zilizolala miaka mingi tulikubaliana muuzaji azilipe kwanza.

Ukarabati sina mengi ya kusema: mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu, jikoni, waya, tangi la pili juu. Kosa langu ni dari ya jipsamu sebuleni, yenye taa za buluu, niliyoing'ang'ania fundi akinung'unika. Kosa kubwa zaidi ni hesabu. Kodi ya faida ya mtaji niliipigia asilimia 5, kama nilivyoizoea, kumbe tangu 2023 ni 15. Dada yangu hakunisemesha siku mbili.

Tuliuza baada ya miezi saba. Mnunuzi alikuja na mama yake. Sebuleni walipita bila kuinua macho. Yule mama aliingia moja kwa moja jikoni, akafungua mfereji, akauacha utiririke muda mrefu, kisha akatoka kwenda getini kumuuliza mlinzi habari za Alhamisi.