Feni, katoni na machujio ya gari

Ninakaa Umoja, Nairobi. Usiku upepo ukitoka upande wa dampo la Dandora, moshi wa taka huingia hata dirisha likifungwa, na kitinda mimba wangu hukohoa mpaka alfajiri. Mashine za dukani za kusafisha hewa, bei yake usiniulize.

Nikasoma kuhusu sanduku la Corsi na Rosenthal lililobuniwa Marekani mwaka 2020: feni, machujio manne ya daraja la MERV 13 (kipimo cha uwezo wa chujio kunasa chembe ndogo za hewani), katoni na selotepu. Hayo sikuyapata. Nikashuka Kirinyaga Road, nikanunua mawili ya hewa ya ndani ya gari, yale ya karatasi ya mikunjomikunjo. Muuzaji akauliza, gari gani? Nikamwambia, chumba cha kulala.

Nikayabandika na feni kwenye katoni. Mara ya kwanza niliacha nyufa pembeni, hewa ikapitia huko huko bila kuchujwa. Nikaziba upya, mishale iliyochorwa kwenye machujio ikielekea kwenye feni. Hayafikii MERV 13, lakini wiki ya tatu karatasi nyeupe imekuwa kama sehemu ya chini ya sufuria ya makaa.

Gesi ya sumu ya makaa, hata hivyo, hayaizuii. Jiko linabaki nje, mama mkwe anune asinune.